Jinsi ya kudai fidia kwa aliyekutia hasara kwa kosa la jinai: mwongozo kwa wakaazi wa Unguja na Pemba

Hakimu akisema "miaka mitano Chuo cha Mafunzo (yaani jela) na fidia ya shilingi milioni moja", wengi wetu hurudi nyumbani tukingoja kupigiwa simu twende tukachukue hiyo milioni. Simu haiji. Na wako ambao hukumu yao haitaji fidia hata kwa mstari mmoja, kwa sababu hapana aliyeiomba wala aliyemwonesha hakimu kwamba hasara ilikuwa kiasi gani. Mwizi anakwenda Chuo, mwenye karafuu anabaki na majamvi matupu.

Mwongozo huu ni wa yule aliyeibiwa, aliyepigwa, aliyetapeliwa au aliyeharibiwa mali, na ambaye kesi yake iko polisi au mahakamani. Usingoje siku ya hukumu ndipo uanze kufikiria fidia. Inatayarishwa tangu siku ile unayoingia kituoni kutoa ripoti, na inafuatiliwa mpaka siku unayosaini kuwa umepokea pesa mkononi.

Kwanza ujue kesi ni ya nani

Zanzibar ina sheria zake za jinai. Makosa na adhabu yamo katika Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, na namna kesi inavyoendeshwa imo katika sheria ya mwenendo wa jinai Namba 7 ya mwaka huo huo. Ukisoma mtandaoni kifungu cha Sura ya 16 au Sura ya 20, hizo ni sheria za Tanzania Bara. Misingi inafanana sana, lakini namba za vifungu hazifanani, na ukienda kwa mwendesha mashtaka na kifungu cha Bara utarudishwa kwa upole. Jeshi la Polisi ni la Muungano. Mashtaka lakini hupelekwa mahakamani na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka Zanzibar, na mahakama zenyewe, kuanzia ya mwanzo, ya wilaya, ya mkoa hadi Mahakama Kuu, ni za Zanzibar.

Kesi ya jinai ni baina ya Mkurugenzi wa Mashtaka na mshitakiwa. Wewe uliyeumizwa ni shahidi. Jambo hili linawaudhi watu kila siku ("kesi ni yangu, mbona nakaa benchi la nyuma?"), lakini ukilielewa mapema utajua mlango wa kubisha: madai yako ya fidia yanapita kwa mwendesha mashtaka. Yeye ana mafaili mengi. Kazi yake kubwa ni kuthibitisha kwamba kosa limetendeka na aliyelitenda ni huyu. Nauli zako za kwenda hospitali hazimo katika hesabu zake mpaka umpelekee.

Mshitakiwa akishatiwa hatiani, mahakama ina mambo matatu inayoweza kukufanyia mbali na kumfunga. Inaweza kuamuru akulipe fidia kwa hasara au maumivu uliyoyapata. Ikimtoza faini, inaweza kuamuru sehemu ya faini hiyo iende kwako. Na kama mali yako ilipatikana, inaweza kuamuru urejeshewe. Yote haya yako katika hiari ya hakimu, na hakimu hakisii. Anaandika kile kilichothibitishwa mbele yake.

Fidia hii haitoki Serikalini. Inatoka mfukoni mwa mkosaji, kwa hiyo tangu mwanzo jiulize ana nini: ana mshahara? Ana honda, shamba la mikarafuu, mashine ya boti? Mtu asiyekuwa na kitu anaweza kuamriwa milioni kumi na asilipe hata elfu kumi. Hilo lisikukatishe tamaa ya kuomba, ila likusaidie kupanga matarajio yako. Wapo pia wanaouliza kuhusu diya, yaani malipo ya damu ya sharia ya Kiislamu. Mahakama zetu za jinai haziamui kwa hukumu za diya, zinafuata sheria iliyoandikwa. Familia mbili zikikubaliana diya kwa hiari yao ni jambo lao, na si lazima limalize kesi.

Hatua ya kwanza: kituoni, siku ile ile

Ukiwa umeumizwa, pita kituo cha polisi uchukue fomu ya PF3 kabla ya kwenda hospitali. Hali ikiwa mbaya, nenda hospitali kwanza, jamaa akufuatilizie fomu. Daktari akishaijaza, soma alichoandika. Ukiona kaandika jeraha la mkono na wewe umevunjika na kidole, mwambie pale pale, kwa adabu. Fomu hiyo itasomwa mahakamani miezi mingi baadaye, wakati jeraha limeshafunga na hapana wa kuliona.

Chukua namba ya ripoti, jina la askari mpelelezi na namba yake ya simu, uandike vyote mahali pamoja.

Kisha maelezo. Askari atakuuliza nini kimetokea na ataandika. Wengi hueleza ugomvi mzima, nani kamtukana nani tangu mwaka juzi, na hasara wanaitaja kwa maneno matatu: "ameniibia karafuu zangu". Hapa ndipo fidia nyingi zinapopotea. Taja idadi, uzito, hali na thamani: magunia mawili ya karafuu kavu, kilo 90, zilizokuwa zimeanikwa uani, na simu iliyovunjika, aina yake na bei uliyonunulia. Usikuze. Wakili wa upande wa pili akikukuta umesema magunia manne polisi na mawili mahakamani, ataacha kabisa kuuliza habari za mwizi na atashughulika na wewe. Omba usomewe maelezo kabla hujasaini, na kilichoachwa kiongezwe.

Mjuulishe na sheha wa shehia yako. Sheha hatoi hukumu, lakini barua yake inayothibitisha kwamba wewe ni mkaazi wa pale, kwamba shamba lile linajuulikana kuwa lako na kwamba tukio lilifika kwake siku fulani, ni karatasi yenye uzito, hasa kwa mtu asiyekuwa na risiti hata moja. Na wengi wetu hatuna.

Hatua ya pili: daftari

Nunua daftari la skuli. Ukurasa wa kwanza andika namba ya ripoti, na baadaye namba ya kesi. Kurasa zinazofuata andika kila pesa inayotoka kwa sababu ya kosa lile, siku ile ile inapotoka. Nachukua mfano wa mkulima wa Mtambwe aliyeibiwa karafuu usiku, akamfukuza mwizi, akapigwa rungu mkononi. Daftari lake lingekuwa hivi:

Karafuu kavu kilo 90, kwa bei ya shilingi 14,000 kwa kilo: 1,260,000
Dawa na picha ya mkono, risiti tatu: 85,000
Nauli Mtambwe hadi Wete, kwenda na kurudi, yeye na mkewe: 48,000
Siku 21 bila kufanya kazi, kwa 15,000 kwa siku: 315,000
Simu iliyovunjwa: 180,000
Jumla: 1,888,000

Tuupitie mstari kwa mstari, kwa kuwa kila mmoja una ushahidi wake.

Karafuu ndiyo nyepesi kuliko zote. Mnunuzi ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, yaani ZSTC, na bei ya msimu inatangazwa kwa kila daraja. Bei niliyoweka juu ni ya mfano tu. Wewe weka iliyotangazwa msimu ule ulioibiwa, kwa daraja ambalo karafuu zako zingepata. Risiti zako za ZSTC za misimu iliyopita zinaonesha kwamba wewe ni mkulima kweli na shamba lako hutoa kiasi gani. Wachumaji ni mashahidi wazuri kupita kiasi, kwa sababu hulipwa kwa pishi na wanakumbuka walichuma pishi ngapi. Tafadhali usimtajie hakimu bei ya magendo ya Mombasa. Utakuwa umefungua kesi nyengine, na safari hii mshitakiwa ni wewe.

Kama karafuu zilikuwa bado mbichi, usizihesabu kwa uzito wa kavu. Sema zilikuwa mbichi, pishi ngapi, na mwache mzoefu aeleze zikikauka zingebakia kilo ngapi.

Matibabu: weka risiti, hata ya panadoli. Ukitibiwa hospitali ya Serikali bila kulipa, bado kuna dawa ulizoambiwa ukanunue nje, kuna bandeji, kuna nauli. Risiti za duka la dawa hufifia haraka, zile za mashine hasa. Ukikaa nayo mwaka mzima itakuwa karatasi nyeupe. Ipige picha au itoe kivuli siku hiyo hiyo, ubane kivuli pamoja na asili.

Nauli haina risiti kwenye daladala zetu, na hakimu analijua hilo. Andika tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, kiasi. Tarehe zikilingana na za kadi ya hospitali, utaaminika.

Siku za kazi zilizopotea ndizo zinazobishaniwa sana. Mwajiriwa apeleke barua ya mwajiri. Mvuvi, fundi, mama wa mandazi au dereva wa bodaboda hana mwajiri, basi alete mtu anayejua pato lake: nahodha wa dau, mwenye honda anayepokea hesabu kila siku, mwenye duka anayemkopesha unga na kumkata jioni. Daktari naye aandike umepumzishwa siku ngapi. Bila ya hivyo siku 21 zitaonekana ni zako mwenyewe za kukaa barzani.

Maumivu na kilema kilichobakia havina risiti wala bei. Sema unachoshindwa kufanya sasa ambacho ulikuwa ukikifanya: kupanda mkarafuu, kuvuta nyavu, kufua, kumbeba mtoto. Maneno hayo hakimu huyaandika kama ulivyoyasema.

Hatua ya tatu: mali iliyopatikana

Polisi wakiikuta mali yako kwa mshitakiwa, inakuwa kielelezo na inakaa kwao mpaka kesi iishe. Kuitambua kuna utaratibu: kabla hujaoneshwa, taja alama zake. Ng'ombe ana kovu la sikio, honda ina mkwaruzo kwenye tangi na namba ya chesisi, gunia limeshonwa kwa kamba ya rangi fulani. Kutaja alama baada ya kuoneshwa hakuna thamani.

Vitu vinavyooza au kupungua, na vile ambavyo ni riziki yako ya kila siku, haviwezi kukaa stoo mwaka mzima. Mwombe mwendesha mashtaka aombe amri ya mahakama mali ipigwe picha, ipimwe, kisha ukabidhiwe, au iuzwe na pesa zihifadhiwe mpaka hukumu. Ukishakabidhiwa kwa sharti la kuileta ikihitajika, usiiuze wala usiibadilishe rangi.

Mali ikiwa imeshauzwa kwa mtu wa tatu, usende kumnyang'anya. Mwambie mpelelezi. Mara nyingi huyo mnunuzi ndiye shahidi atakayemfunga mwizi wako, na ukimfanyia fujo atakaa kimya.

Hatua ya nne: karatasi yako ifike kwa mwendesha mashtaka

Faili likitoka polisi linakwenda Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Uliza limepangiwa mwendesha mashtaka gani, mahakama gani, kisha nenda ukamwone kabla ya siku ya kesi. Mpelekee barua fupi. Si lazima uandikiwe na wakili. Maneno haya yanatosha:

"Kwa Mwendesha Mashtaka wa Serikali. Mimi ni mlalamikaji katika kesi ya jinai namba …, Mahakama ya Mkoa Wete. Kwa kosa analoshitakiwa nalo ndugu … nimepata hasara ya shilingi 1,888,000 kama ilivyo katika orodha niliyoambatanisha pamoja na risiti. Naomba nitakapotoa ushahidi niulizwe kuhusu hasara hii na vielelezo vyangu vipokelewe, na mshitakiwa akitiwa hatiani naomba uiombe mahakama itoe amri ya fidia. Nambari yangu ya simu ni …"

Toa nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu mshitakiwa anaweza kukiri. Anasomewa shitaka, anasema "ni kweli", maelezo ya kosa yanasomwa, anayakubali, anatiwa hatiani na kuhukumiwa, pengine asubuhi moja. Wewe uko shamba na hujaitwa, kwani shahidi haitwi penye kukiri. Kama orodha yako haimo ndani ya faili siku hiyo, hakimu hana alichokiona ila magunia mawili yaliyotajwa kwenye shitaka. Hili lawapata wengi na ndilo linalouma kuliko yote, maana mshitakiwa aliyekiri ndiye hasa ambaye angeweza kukubali na kulipa.

Hatua ya tano: kizimbani

Ukipata samansi, nenda. Kesi ikighairishwa, muulize karani tarehe mpya kabla hujatoka, uiandike kwenye daftari. Kesi zetu hughairishwa mara nyingi: leo wakili anaumwa, kesho hakimu yuko semina. Mashahidi wakichoka wakaacha kuja, kesi hufutwa, na hapo amri ya fidia haipo tena.

Siku ya kutoa ushahidi, mwendesha mashtaka akimaliza kukuuliza habari za usiku ule bila kugusa hasara, mkumbushe kwa kusema, "Mheshimiwa, nina na risiti za matibabu." Hapo ataziomba zipokelewe kuwa vielelezo. Risiti iliyobakia mfukoni mwako si ushahidi, hata kama kila mtu mahakamani ameiona ikichungulia.

Ukiulizwa swali la hesabu usilolikumbuka, sema hukumbuki na uombe utazame daftari. Mtu anayekumbuka nauli ya miezi minane nyuma mpaka senti hushukiwa. Mwenye daftari haulizwi sana.

Hatua ya sita: siku ya hukumu

Hakimu akishasema amemtia mshitakiwa hatiani, hukumu haijaisha. Anamuuliza mwendesha mashtaka kama mkosaji ana kumbukumbu za makosa ya nyuma, kisha anampa mkosaji nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu. Katikati ya maneno hayo ndipo fidia inapoombwa kwa mdomo. Uwepo. Kaa mahali mwendesha mashtaka anakuona, na kabla hakimu hajaingia mkumbushe barua yako.

Wakosaji wakiwa zaidi ya mmoja, mwombe mwendesha mashtaka aombe amri iwe juu yao wote kwa pamoja na juu ya kila mmoja peke yake, ili ukimkosa mmoja umdai aliyebakia. Mwombe pia muda wa kulipa utajwe. Amri isiyo na tarehe humpa mdaiwa kisingizio cha milele.

Mkosaji akiwa mtoto wa chini ya miaka 18, kesi inakwenda mahakama ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011. Huko kipaumbele ni kumrekebisha mtoto, na mazungumzo ya fidia huwahusu zaidi wazazi. Usiende na matarajio ya kesi ya mtu mzima.

Hukumu ikinyamaza kuhusu fidia, muulize mwendesha mashtaka pale pale kama ofisi yake itaomba Mahakama Kuu iiangalie. Muda wa rufaa ni mfupi, kwa hiyo usingoje mfungo uishe.

Hatua ya saba: kuzipata pesa zenyewe

Omba nakala ya hukumu yenye muhuri na sahihi. Andika barua kwa mrajis au karani wa mahakama hiyo, lipa ada kama ipo, fuatilia. Bila nakala huna kitu cha kumwonesha mtu.

Mkosaji akikata rufaa, malipo kwa kawaida hungoja rufaa imalizike. Akishinda na hatia ikafutwa, amri ya fidia huanguka pamoja nayo. Ndiyo maana nasema usikope kwa kutegemea pesa hizo.

Kama anataka kulipa, alipe mahakamani, nawe upokee mahakamani kwa kusaini. Watu wa jamaa yake watakufuata nyumbani na nusu ya pesa wakikuomba uandike kwamba umelipwa zote. Pokea nusu kama umeridhika kuipokea, lakini andika "nimepokea kiasi kadhaa, kimebakia kiasi kadhaa", mashahidi wawili wasaini, na nakala upeleke kwa karani iingie kwenye faili. Malipo kwa simu yanafaa pia, ila hifadhi ujumbe wa muamala na usiufute hata simu ikijaa.

Akigoma kulipa, rudi mahakama iliyotoa amri, uombe kwa maandishi itekelezwe. Mahakama inaweza kuamuru mali yake ikamatwe na kuuzwa. Hapa daftari lako linafanya kazi tena: andika mali zake unazozijua na zilipo, kwa sababu hakuna atakayekutafutia. Shamba liko shehia gani, honda ina namba gani, mshahara analipwa na nani. Usitaje nguo zake, vyombo vya kupikia wala zana za ufundi wake, kwani vitu vya namna hiyo havikamatwi. Mali ya mkewe au ya mama yake nayo si yake, hata kama wewe unajua nani alitoa pesa.

Hukumu nyingi huongeza kwamba akishindwa kulipa fidia atatumikia miezi kadhaa zaidi Chuoni. Mdaiwa mkaidi anaweza kuchagua miezi, na miezi yake haikujazii mfuko. Kwa hiyo kama unajua ana mali, wahi kuomba ikamatwe, usikae kumwangalia akichagua.

Madai ya kawaida ya mahakamani

Mlango wa madai uko wazi muda wote: unaweza kumfungulia mkosaji kesi ya madai kwa hasara ile ile. Ni njia ya kuifuata pale fidia ya jinai ilipokuwa ndogo, haikutolewa, au mshitakiwa aliachiwa huru. Kuachiwa huru katika jinai hakukuzuii, kwa sababu jinai inataka ushahidi usioacha shaka ya maana, na madai yanatazama mizani imeinamia wapi. Kama ametiwa hatiani, hukumu ile ni silaha yako kubwa. Kiasi ulichokwisha kulipwa kitahesabiwa, hutolipwa mara mbili. Madai yana ukomo wa muda unaotofautiana kwa aina ya dai, kwa hiyo pata ushauri mapema, hata kama kesi ya jinai bado inaendelea.

Ajali za barabarani ziko karibu na hapa. Dereva anaweza kushitakiwa na kutozwa faini, na wewe usipate kitu kwake, lakini gari lina bima. Chukua ripoti ya polisi na mchoro wa ajali, jina la shirika la bima na namba ya bima ya gari, ukadai kwa shirika. Hapo yupo mlipaji mwenye uwezo.

Aliyedhurika akiwa amefariki, wanaodai ni wale aliokuwa akiwatunza. Karatasi za warithi wa Kiislamu hushughulikiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Anza nazo mapema, zinachukua muda.

Muhali, na kesi za udhalilishaji

Sasa hili la mwisho, na hapa sitakuwa mpole. Katika kesi za udhalilishaji, hasa wa watoto, wazee wa pande mbili hukutana usiku, pesa hutolewa, na asubuhi mama anaambiwa asende mahakamani. Huitwa sulhu, huitwa fidia, huitwa kulinda heshima ya ukoo. Pesa ile ni bei ya shahidi kunyamaza. Makosa madogo baina ya majirani, kama kofi la ugomvi wa kisimani, mahakama inaweza kuyaruhusu yamalizwe kwa suluhu, na masharti yake yakaandikwa kwenye faili. Ubakaji na ulawiti haumo humo. Mzazi hana mamlaka ya kuufuta.

Njia iliyo sawa ni ndefu zaidi. Mpeleke mtoto kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, bila kumwogesha wala kufua nguo aliyovaa. Hapo daktari, polisi na mshauri wanakuwa mahali pamoja, mtoto hasimulii mara tano. Tangu 2021 kesi hizi zina mahakama zake maalum Unguja na Pemba. Fidia inaombwa kwa hatua zile zile nilizoeleza, na safari hii orodha iwe na gharama za ushauri nasaha, skuli aliyohamishwa na usafiri wa mwaka mzima. Pesa zikitoka ni za mtoto, si za baba kununulia bati.

Mtu akikuomba chochote ili faili lisogee, awe askari, karani au nani, ripoti kwa ZAECA, mamlaka ya kupambana na rushwa Zanzibar. Na kama hujui uanzie wapi, kabla hujamlipa mwandishi wa barua za mitaani, muulize sheha wako msaidizi wa sheria wa eneo lenu ni nani. Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 inawatambua, na msaada wao haulipiwi. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Unguja na Pemba, na wanasheria wanawake wa ZAFELA hupokea zaidi kesi za wanawake na watoto. Nenda na daftari, nakala ya PF3, namba ya kesi na barua yako yenye muhuri. Ukienda mikono mitupu, siku ya kwanza nzima itapita ukisimulia tu.